Kambi ya Desemba ya Timu ya Mbio za Nyika huko Newala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka mwezi wa Novemba ukiingia, wazazi huanza kupiga simu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza kubisha mlangoni kwangu, na maswali yao huwa karibu yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, nikiwa mlezi wa timu ya chuo chetu hapa Mtwara niliyekwenda katika kambi hii tangu ilipoanza, ili mwanafunzi anayefikiria kujiunga, au mzazi anayefikiria kumruhusu mwanawe, aamue akiwa na habari kamili.

Mbio za nyika ni mbio za namna gani?

Ni mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja, kwenye nyasi, udongo, mchanga, tope na vilima, katika njia inayozungukwa mara kadhaa. Katika mashindano ya dunia, wanaume na wanawake wakubwa hukimbia umbali ulio sawa wa kilomita 10 tangu mwaka 2017, na vijana walio chini ya miaka 20 hukimbia kilomita 8 kwa wavulana na 6 kwa wasichana. Muda wa saa haupewi uzito mkubwa, kwa kuwa hakuna njia mbili zinazofanana. Kinachotazamwa ni nafasi aliyofikia mkimbiaji.

Mwanangu si wa kwanza wala wa pili katika timu. Ipo haja ya yeye kwenda kambini?

Ipo, na pengine haja yake ni kubwa kuliko ya wale wawili wa mbele. Katika mbio za nyika timu hupata ushindi kwa kujumlisha nafasi walizofikia wakimbiaji wake, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mashindano ya dunia huruhusu wakimbiaji sita kwa kila timu, wanne wa kwanza wakihesabiwa, nasi hufuata utaratibu huo huo tunapopimana wenyewe.

Tuchukue mfano. Timu moja ina vijana wawili hodari mno, wamefika wa 1 na wa 2, na watu wote uwanjani wanawashangilia. Lakini wenzao wawili wanaofuata wamefika wa 30 na wa 41, hivyo jumla yao ni 74. Timu nyingine haina hata mtu mmoja katika nane bora, ila wakimbiaji wake wamefika wa 9, wa 14, wa 17 na wa 20, jumla 60, na kikombe ni chao. Zaidi ya hapo, mkimbiaji wa tano na wa sita, ambao nafasi zao hazijumlishwi, kila wanapompita mpinzani humsogeza nyuma na kuiongezea timu yake hesabu. Nimewahi kumwona msichana wetu wa tano akimpita mpinzani katika mita 50 za mwisho, hajui kwamba nafasi hiyo moja ndiyo iliyotupa ushindi, na akaketi kwenye nyasi akilia kwa kudhani ameiangusha timu. Ilinibidi nimwonyeshe karatasi ya matokeo, nijumlishe mbele yake kwa kalamu, ndipo akaamini.

Kwa sababu hiyo kambi hii haiandaliwi kwa ajili ya nyota wawili. Inaandaliwa ili yule wa nne, wa tano na wa sita wasogee karibu na wale wa mbele, na kazi hiyo haifanyiki kwa maneno, hufanyika kwa kukimbia pamoja siku nyingi mfululizo.

Kwa nini kambi ifanyike wakati wa likizo, watu wanapotaka kupumzika nyumbani?

Katika muhula, mwanafunzi anakimbia alfajiri, anaingia darasani, anakwenda maktaba au kwenye mazoezi ya kufundisha, anapika mwenyewe, na analala kwa muda wa saa sita tu akibahatika. Mwili hauimariki wakati wa kukimbia. Huimarika baadaye, wakati wa kula na kulala, na hivyo viwili ndivyo ambavyo muhula huvinyima nafasi. Katika kambi mwanafunzi hana kazi nyingine. Anaweza kukimbia mara mbili kwa siku na akalala mchana bila mtu kumwita mvivu.

Tumeulizwa pia kwa nini tusitumie likizo ya katikati ya mwaka, wakati hali ya hewa ni ya ubaridi na mvua hakuna. Tulijaribu, na jibu lililotukuta ni salfa. Kuanzia mwezi wa sita na kuendelea, wakulima wa korosho hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na huipuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, saa zile zile ambazo sisi tunakuwa njiani. Vumbi lile la njano huwasha macho na kubana kifua, na mkimbiaji anayehema kwa nguvu huvuta mengi kuliko mtu anayetembea. Mkulima hana kosa, maana ile ni riziki yake na shamba ni lake. Sisi ndio tuliopaswa kuondoka.

Mwanangu anahitajika shambani kumalizia korosho. Akichelewa atakataliwa?

Hatakataliwa. Wengi wetu tumesomeshwa kwa korosho, na mzazi hana haja ya kuona aibu kutuambia kwamba mzigo haujafika ghalani. Anayehitajika nyumbani anaweza kujiunga kuanzia siku ya tano, mradi atuarifu mapema ili chakula chake na godoro lake vihesabiwe. Tutampa ratiba ya kukimbia peke yake: dakika 40 kwa mwendo wa taratibu, siku nne katika juma. Asiongeze zaidi ya hapo, kwani kuinama kuokota korosho kutwa nzima nako ni kazi ya mgongo na mapaja.

Kwa nini Newala, na si hapa Mtwara mjini, Mikindani au Msimbati?

Pwani yetu ni nzuri, lakini Desemba ina joto zito lenye unyevu, na jasho halikauki mwilini. Jasho lisipokauka halipozi mwili; linachuruzika tu na kupotea pamoja na chumvi. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambao upande huo wa magharibi unafika kati ya mita 700 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, alfajiri ya Newala inakuwa na nafuu ya nyuzi 4 au zaidi ukilinganisha na ya mjini Mtwara. Kwa mtu aliyeketi barazani tofauti hiyo ni ndogo, lakini anayekimbia kwa saa nzima huiona wazi.

Sababu ya pili ni vilima na udongo. Katikati ya uwanda njia ni tambarare, zenye mchanga mwekundu, zikipita chini ya vivuli vya mikorosho. Ukielekea ukingoni unakuta miteremko mikali inayoshuka kuelekea bonde la Ruvuma. Kwa hiyo katika mahali pamoja tunapata njia ya mwendo mrefu na njia ya kupanda. Mchanga ule huchosha kifundo cha mguu mwanzoni, kisha hukiimarisha.

Na ipo sababu ya tatu ambayo haiandikwi kwenye ratiba. Kila mwaka, siku ya mbio ndefu, tunamalizia karibu na Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde lote kufunguka chini yako, na ng'ambo ya mto unaiona nchi ya Msumbiji. Waliofika mapema hawaondoki. Wanasimama, mashati yao yana mistari myeupe ya chumvi, wanakung'uta mchanga kwenye viatu, wanamngoja wa mwisho atokeze. Hapo ndipo nilipoona kundi la wanafunzi likigeuka timu.

Je, kukaa Newala ni sawa na mazoezi ya nyanda za juu, kama ya Mbulu au Iten?

Hapana, na si haki kumdanganya mtu. Faida inayotafutwa katika nyanda za juu, yaani mwili kuongeza chembe nyekundu za damu kwa sababu ya uchache wa oksijeni, huhitaji mwinuko wa mita 2,000 hivi na kukaa huko kwa majuma kadhaa. Iten nchini Kenya iko karibu mita 2,400. Newala haifiki nusu ya hapo, na kambi yetu ni ya siku 12 tu. Tunakwenda kwa ajili ya ubaridi, vilima, usingizi na umoja.

Sisi watu wa kusini tunaweza kweli kushindana na watu wa kaskazini na kanda ya kati?

Ni kweli kwamba majina mengi makubwa ya riadha yetu yametoka huko. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, ni mtu wa kaskazini. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, anatoka kanda ya kati, na vivyo hivyo Alphonce Simbu wa Singida, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025 kwa kumpita mpinzani kwenye utepe wenyewe. Aliyezaliwa na kukulia mwinukoni ana mtaji ambao sisi hatuna. Lakini ngazi ya vyuo haiamuliwi na mtaji huo peke yake. Wanafunzi wengi wanaoshindana nasi hufanya mazoezi majuma matatu ya mwisho tu, na mwanafunzi wa Mtwara aliyekimbia miezi sita bila kukatiza huwapita. Nimeliona hilo mara nyingi, na ndiyo maana naendelea na kazi hii.

Nimesoma kwamba vyuo vya ng'ambo hupeleka timu za skii kambini wakati wa likizo. Kuna cha kujifunza kwao?

Kipo. Skii ya masafa, yaani kusafiri juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa kwenye viatu huku ukijisukuma kwa fimbo mbili, ni ndugu wa karibu wa mbio za nyika: kuna kupanda, kushuka, kuvumilia, na njia inayokatisha msituni. Mashindano ya vyuo vya Marekani huanza Januari, na theluji huchelewa mahali pengi, kwa hiyo mwishoni mwa Novemba na wakati wa Krismasi timu hufunga safari kuifuata inakoanza kuanguka. Mahali panapojulikana sana kwa hilo ni West Yellowstone katika jimbo la Montana. Wao wanaifuata theluji. Sisi tunaufuata ubaridi na vilima.

Jambo kubwa la kujifunza kwao ni uvumilivu wa mwendo wa taratibu. Wanaskii bora wa Norway na Finland hutumia sehemu kubwa sana ya saa zao za mazoezi katika mwendo mwepesi, na siku za ukali huwa chache. Jambo la pili ni kwamba hawasubiri theluji. Majira ya joto hujizoeza kwa skii zenye magurudumu barabarani, na hupanda milima kwa miguu wakiwa na fimbo mikononi. Nasi tukikosa uwanja hatuna sababu ya kukaa.

Na kwa anayedhani michezo hiyo haituhusu kabisa, namkumbusha Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyekwenda Finland kujifunza skii na akashiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Katika mbio za kilomita 10 alifika wa 92, ndiye wa mwisho, na mshindi wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa bado amesimama pale mwishoni akimsubiri ili amkumbatie. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wetu habari hiyo usiku wa kwanza wa kambi.

Ratiba ya siku moja ikoje?

Tunaamka saa 11 alfajiri, tunakunywa maji na kula ndizi moja au kipande cha muhogo, na saa 12 kasoro robo, kunapopambazuka, tunaanza kukimbia. Mbio za asubuhi huchukua kati ya dakika 45 na 75 kulingana na kiwango cha mtu. Saa 2 asubuhi ni kifungua kinywa, kisha kufua, kusoma na kulala. Saa 10 jioni kuna mbio fupi nyepesi, au mazoezi ya viungo kwa wanaoanza. Saa 3 usiku taa zinazimwa na simu zinakabidhiwa.

Siku ya tatu na ya tisa ni za vilima, siku ya sita ni ya mbio ndefu, na siku ya saba ni ya mapumziko kamili. Siku zilizobaki ni mwendo mwepesi.

Kwa nini kocha anawataka wakimbie polepole kiasi hicho? Je, hawatakuwa wazito?

Swali hili huletwa zaidi na wavulana. Kipimo chetu ni mazungumzo: ukiwa unakimbia na huwezi kumweleza mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha. Mwendo wa namna hiyo huimarisha moyo, huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na huuzoesha mwili kutumia mafuta kama nishati, tena huacha akiba ya nguvu kwa siku ya vilima. Anayegeuza kila asubuhi kuwa mashindano huonekana shujaa hadi siku ya nne, kisha siku ya tano anachechemea. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika mchanga wa Newala maneno hayo ni ya kweli kabisa.

Mmejiandaaje dhidi ya joto?

Hapa sina budi kueleza yaliyotupata, maana sheria zetu zote za joto zimetoka hapo. Miaka ile tulipokuwa bado tunafanyia kambi pwani, asubuhi moja basi la kutupeleka lilichelewa, nasi walimu, badala ya kuahirisha, tukaanza mbio ndefu saa 3. Ilipokaribia saa 4 na nusu mwanafunzi mmoja akaanza kuyumba, anajibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka, ngozi yake ya moto, kisha akaanguka. Tulipoteza dakika kadhaa tukitafuta gari. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo zake karibu na hapo ndiye aliyeleta ndoo mbili za maji bila kuulizwa na kummwagia mwili mzima huku akimpepea kwa kanga, na hilo ndilo lililomwokoa kabla ya gari kufika. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokuwa na dhamana, wala si la mtoto aliyetii.

Tangu siku hiyo hakuna mbio yoyote ya asubuhi inayoendelea baada ya saa 2, hata kama tumechelewa kwa sababu gani. Mwalimu mmoja husafiri nyuma ya kundi kwa pikipiki akiwa na madumu ya maji na kanga. Na kila mwanafunzi hufundishwa kanuni hii: mwenzako akichanganyikiwa au kuyumba kwenye joto, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, poza kwanza na msafirishe baadaye. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe kitu.

Siku tatu za kwanza kila mtu hukimbia pungufu ya uwezo wake, kwa sababu mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea.

Maji ya kunywa na kuoga yatatoka wapi?

Anayetoka mjini lazima aelewe kwamba maji katika Uwanda wa Makonde hayajawahi kuwa jambo jepesi. Mchanga wa huko hunyonya mvua na kuipeleka chini sana, mito juu ya uwanda hakuna, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha maji cha Mitema, na pampu zikisimama watu hununua kwa dumu. Kwa hiyo kila mwanafunzi hupewa ndoo moja ya kuoga kwa siku, wala hakuna atakayefua viatu kila jioni. Tumepokewa kwa ukarimu na majirani, na si adabu mgeni kumwaga maji mbele ya mwenyeji anayeyanunua.

Maji ya kunywa yanachemshwa na kupozwa usiku. Baada ya mbio ndefu tunatoa maji yenye chumvi na sukari: katika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mwanafunzi anywe kadiri ya kiu yake, asijilazimishe. Kunywa maji matupu kupita kiasi huipunguza chumvi ya damu na kunaweza kudhuru vilevile.

Watakula nini?

Ugali, wali, muhogo, mbaazi, kunde, dagaa, mayai, matembele na matunda, kwa wingi unaomfaa mtu anayekimbia mara mbili kwa siku. Msimu huo maembe yapo tele, na jioni wenyeji huleta ming'oko, yaani mizizi ya porini, ya kuchemsha, ambayo wanafunzi wa mikoa mingine huidharau siku ya kwanza na kuigombania siku ya tatu. Korosho na karanga huliwa kidogo kidogo kati ya milo. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yakipatikana yaliwe kama tunda. Uraka, yaani pombe ya mabibo, na kinywaji kingine chochote cha kulevya ni marufuku, na anayekiuka hurudishwa nyumbani.

Viatu gani vinahitajika? Mwanangu amezoea kukimbia peku.

Raba moja nzuri inatosha, na za mtumba zinafaa mradi zikaguliwe. Ikunje kwa mikono miwili: inapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Iweke mezani na uitazame kwa nyuma: ikiwa kisigino kimelala upande, itaulaza na mguu wako. Iache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana miguu huvimba. Usije na raba mpya kabisa ambayo hujaikimbilia walau juma moja.

Kukimbia peku hatukukatazi uwanjani penye nyasi safi, lakini si njiani. Mbali na miiba na vigae, udongo wa kichanga wenye unyevu ndio unaohifadhi viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya kwenye ngozi ya unyayo na kisha kunyonya damu tumboni. Mkimbiaji aliyepungukiwa damu huhema kwa kilima kidogo tu na watu wakamwita mvivu.

Vipi kuhusu malaria na maradhi mengine?

Kila mtu aje na chandarua chenye dawa. Mwenye homa hakimbii, hata akisema ni mafua tu. Anapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo, katika kituo cha karibu au Hospitali ya Wilaya, hivyo kadi ya bima isiachwe nyumbani.

Ninawaomba wazazi watuambie ukweli juu ya mambo mawili. La kwanza ni pumu, na mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, aibebe mwenyewe anapokimbia. La pili ni seli mundu, si kwa mgonjwa tu bali hata kwa aliyerithi vinasaba vyake upande mmoja na anayeonekana mzima siku zote, kwa sababu juhudi kali kwenye joto bila maji inaweza kumletea madhara makubwa. Mtoto huyo hatufukuzi. Tunampangia mapumziko marefu kati ya vilima na tunamkataza kushindana na wenzake siku za mwanzo. Taarifa hizo hubaki kwa matroni na kocha.

Mabinti watalindwaje?

Wanalala jengo la peke yao pamoja na matroni wawili, na hakuna binti anayekimbia peke yake wala kutoka nje ya eneo jioni bila wenzake. Pedi zipo za akiba. Aliye katika hedhi anakimbia akijisikia, na asipojisikia hatoi maelezo kwa mwalimu wa kiume; humwambia matroni na inatosha. Jambo moja ningependa akina mama walifahamu: binti anayeacha kupata siku zake kwa sababu ya mazoezi hajawa mkakamavu, bali mwili wake unakosa chakula cha kutosha, na mifupa yake iko hatarini. Tukiligundua hilo tunampunguzia mbio na kumwongezea sahani.

Krismasi na sala ya Ijumaa zitakuwaje?

Kambi ina Waislamu na Wakristo, kama ulivyo mkoa wetu. Siku ya Krismasi ni ile ya mapumziko, wanaokwenda kanisani huenda, na chakula cha mchana ni pilau kwa wote. Ijumaa ratiba ya mchana huachwa wazi.

Kukimbia barabarani hakuna hatari?

Ipo, na ndiyo maana barabara kuu tunaikwepa. Inapolazimu, tunakimbia upande wa kulia, tukiyakabili magari, kwa mstari mmoja, tukiwa na fulana za rangi ya kung'aa. Spika za masikioni haziruhusiwi, kwa kuwa bodaboda husikika kabla ya kuonekana.

Mchango ni kiasi gani, na safari ni lini?

Kiasi kimeandikwa kwenye fomu ya ruhusa, kwa sababu nauli hubadilika. Kinagharamia basi la kwenda na kurudi kupitia Nanyamba na Tandahimba, chakula na maji. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aje tuzungumze kabla ya fomu kufungwa. Hatujamwacha mtu kwa sababu ya fedha. Tunaondoka alfajiri na mapema, kwani mvua za msimu huo zinaweza kuchelewesha gari.

Mzazi anaweza kuja kuwatembelea?

Anakaribishwa siku ya sita, siku ya mbio ndefu, ambapo tunahitaji watu wa kusimama njiani na maji.

Akiumia katikati ya kambi atarudishwa?

Maumivu ya misuli ya kawaida hupungua unapopasha mwili moto. Maumivu yanayozidi kila unavyokimbia, au yanayouma mahali pamoja kwenye mfupa ukibonyeza kwa kidole, ni onyo, na mwenye hayo anasimamishwa mara moja. Akitaka kubaki atabaki: atapima muda, atahesabu nafasi, atabeba maji. Tunamrudisha nyumbani anayehitaji matibabu tu.

Baada ya kambi wafanye nini?

Wapumzike siku tatu bila kukimbia, wakiwa nyumbani, wale na walale. Siku ya nne waanze tena kwa dakika 30. Chuo kikifunguliwa, timu itakutana uwanjani Jumatatu ya kwanza saa 12 kasoro robo alfajiri, na kila mmoja aje na daftari lake la mazoezi ili kocha apange kikosi cha Februari.